Vinyago Viwili vya Uso Mmoja

Chumba cha ushonaji,
Nyuma ya duka la vitambaa.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha? Na mafunzo ya umeme yanaendaje, au bado mwalimu wenu anawafokea kana kwamba nyinyi ndio mnaokata umeme wa mji mzima? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Macho yananiwasha kwa kutunga shanga, na kiuno nacho kimeanza kudai haki zake. Ukiona mwandiko umekaa upande, nivumilie.

Matroni wa wodi ya watoto, yule mteja wangu wa magauni mapana, aliniagiza kinyago cha kuvaa kwenye dansi ya hisani. Walikuwa wanachangia vitanda vya wodi yake, na kila mgeni alitakiwa afunike uso. Nilimwambia mimi ni fundi wa nguo, sura za watu si kazi yangu. Akasema anayeweza kutia kola hashindwi na pua. Nikakubali. Si unanijua, kukataa sijui.

Kinyago cha namna hiyo hutengenezwa juu ya uso wa mtu. Unamlaza, unampaka mafuta mazito, unamfunika kwa bandeji za plasta zilizoloweshwa, unamwachia pua apumue, kisha unangoja zikauke. Matroni hana hata dakika tano za kulala. Basi nikamtumia mama, maana tangu miguu imgomee, yeye ndiye pekee humu ndani anayelala akatulia. Nikajidanganya kwamba uso ni uso. Mama alifurahi sana. "Miguu imekataa," aliniambia, "basi angalau uso uende dansi."

Kile cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilikwisha kukichora maua yote, ndipo nikakata matundu ya macho kwa mkasi wa nguo, yakawa makubwa kupita kiasi. Nikakitundika ukutani kwa aibu. Paa la ukumbi likaniokoa: lilivuja, dansi ikaahirishwa kwa wiki saba. Nikazembea, sare za shule zikanielemea, na ilipofika wiki ya sita ndipo nikamlaza mama tena. Safari hiyo hakuzungumza sana.

Cha pili kilipokauka nilitaka kunakili maua ya kile cha zamani, nikakiweka cha zamani juu ya kipya. Kwenye paji la uso na pua vilikaa sawasawa. Mashavuni nikaweza kupitisha kidole, huku na huku. Nikasema labda plasta imenywea. Nikachukua futi ya kupimia. Paji lilelile, pua ileile, kidevu kilekile. Plasta hainywei mashavuni peke yake.

Mdogo wangu, mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, na sikuona. Mimi ninayemjua mteja saizi yake kabla hajaketi. Mama ameisha mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, nami namwambia kila asubuhi kwamba amependeza. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Changu kimenitisha. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikalia.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari. Alimpima, akanitoa nje, akasema ugonjwa umekwenda mbali na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilimuuliza kama atafika mwisho wa mwaka. Alinishika bega tu.

Kinyago nilikimaliza hivyo hivyo, kwa kujikokota. Nilikipaka rangi ya maziwa, nikazungushia lesi, nikatia shanga za buluu kwenye nyusi. Mashavu nikayaacha matupu, mkono ulikataa. Tena hakikumwingia Matroni, ana mashavu ya mtu aliyeshiba, ikabidi nikipachike kijiti awe anakishika usoni. Nasikia watu walikisifu sana. Mama aliniuliza kama uso wake ulicheza. Nikamwambia ulicheza mpaka wapiga muziki wakachoka.

Barua tatu nimekuandikia kwamba mama hajambo. Sikuwa nakudanganya, nilikuwa sioni. Yeye mwenyewe amenikataza nisikusumbue hadi umalize mafunzo Desemba, na kwa hili simtii. Omba ruhusa. Mwalimu akifoka, mwache afoke. Ukifika mwambie mama mmepewa mapumziko, nami nitajifanya nimeshangaa kuliko wote.

Nisalimie mchumba wako na yule mama mwenye nyumba anayekupikia. Shangazi anakusalimu. Kaka mkubwa naye anakusalimu, na anasema koti lake uliloondoka nalo hajalisahau.

Jana mama aliniuliza Desemba iko mbali kiasi gani. Nikamwambia ni wiki kumi na moja. Akaanza kuzihesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha, wa pili hakuufungua. Akasema tuzungumze mengine.

Mungu akufungulie njia na akufikishe salama, mapema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayekungoja.