Vidonge Vyako Nakurudishia

Kombewa, Jumatatu

Kaka Calvince,

Mvua imenyesha na mahindi yamesimama vizuri. Jana niliimba! Wimbo mzima, peke yangu, na kanisa lote likasimama. Kiungulia kilichonikausha sauti kimeshindwa.

Lakini si kwa vidonge ulivyonitumia. Daktari aliniuliza ninameza nini kingine. Nilipotaja dawa yangu ya moyo, akasema vyako vingegombana nayo. Akaniandikia vyangu: nusu saa kabla ya chai, wiki nane, kisha nirudi anipime.

Vyako nimevifunga humu. Miaka minne unavinunua na kuvimeza mwenyewe bila kupimwa! Baba naye alisema ni kiungulia tu, na tukamwamini mpaka tukamzika.

Njoo Jumapili unisikie. Jumatatu nitakushika mkono mpaka hospitali.

Dadako mwenye sauti,
Lornah