Usivute Tumbo

Biharamulo, Jumatatu, siku moja baada ya misa yako ya mwaka

Dada Konsolata,

Shikamoo. Sijui huko uliko mnaitikiana vipi, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ungeniuliza, "Vere, umelelewa porini?"

Dada, zimetuenea! Nakuanzia mwisho kwa sababu siwezi kungoja. Jana kanisani Kanazi, kwenu, tulivaa sare sisi sote, wateja wako wa Biharamulo, hata Mwalimu Jeniva, hata mimi. Hakuna zipu iliyogoma. Hakuna aliyejifunga khanga juu ili kuficha mgongo uliobaki wazi. Na rangi ilikuwa njano, Dada! Njano ya ndizi iliyoiva, yenye maua ya bluu makubwa kama sahani. Leo nimefungua kibanda nikiwa bado nacheka peke yangu, na kabla wateja hawajaanza kuja nimekaa juu ya robota la mitumba nikuandikie.

Ngoja nirudi nyuma, maana siku ya mazishi hukuona kilichotokea. Ungekiona ungeamka.

Mwanao Deo, katika uchungu wake, aliagiza Mwanza fulana zenye picha yako. Aliwaambia waliochapisha kwamba waombolezaji wengi ni watu wenye miili, waweke saizi kubwa. Wakamwambia asiwe na wasiwasi. Mfuko ulipofunguliwa, ile kubwa kuliko zote ingemfaa msichana wa darasa la saba. Hebu fikiria! Wewe uliyekaa sokoni maisha yako yote ukiwatafutia wanene nguo, fulana za msiba wako hazikuwatosha.

Mwalimu Jeniva wa Nyamigogo, yule mteja wako anayefundisha darasa la kwanza, alilazimisha. Ikaingia, lakini sura yako ilivutika kifuani mwake mpaka jicho moja likaelekea kwapani. Akaniinamia akaninong'oneza, "Vere, hebu niangalie. Mama Deo anacheka au analia?" Nilicheka msibani, Dada. Nikajifunika uso kwa kitambaa, watu wakadhani kilio kimenizidi, wakaniletea maji.

Yangu haikupita mabega. Niliibeba begani kama taulo. Akapita mtu wa kamati akitangaza, "Wenye sare mbele, karibu na jeneza. Wasio na sare nyuma, tafadhali." Basi ndivyo ulivyozikwa. Wanawake uliowavalisha tulikuwa nyuma kabisa, karibu na masufuria, tukichungulia juu ya mabega ya watu wembamba ambao hawakuwahi kuingia kibandani kwako. Nilisikia udongo ukidondoka. Sikuuona.

Hilo ndilo lililoniuma mwaka mzima. Si kifo peke yake. Ni kukuaga kwa sauti ya udongo tu.

Nikawaza ile siku tulipokutana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, natafuta blauzi ya kwendea kuomba kazi. Yule kaka wa duka la karibu na stendi aliniangalia kuanzia juu hadi chini, akasema mbele ya watu, "Dada, saizi yako jaribu upande wa mapazia." Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, kama tunavyofanya siku zote. Kisha nikatoka nikapita sokoni nikitazama chini. Ukaniita, "Wewe mwenye mabega mazuri, njoo." Niligeuka nyuma kuangalia unamwita nani. Hakuna aliyewahi kusema nina kitu kizuri kuanzia shingoni kushuka chini.

Ukaniingiza nyuma ya pazia. Nilipoona unainua mikono kunipima nikavuta tumbo ndani. Ukanipiga kofi dogo la mgongo. "Usivute tumbo. Nguo itashonwa kwa tumbo la uongo, halafu utaivaa na tumbo la kweli." Kuanzia siku ile sikuondoka tena kibandani.

Nikueleze na habari za kibanda. Kipo, Dada. Marobota bado ni yale yale. Unafungua ukiomba Mungu, unakuta magauni ya wasichana wa kiuno cha nyuki, na chini kabisa ndiyo yamelala makubwa mawili matatu, yote meusi, mengine ya sufu ya nchi za baridi. Nani atavaa sufu hapa Biharamulo? Wateja nao ni wale wale. Wanaingia wakiangalia nyuma kama watu waliokuja kuiba. Wanasema nguo ni ya dada yao. "Dada yako ana mwili kama wangu au kama wako?" nauliza, kama ulivyonifundisha, na wanacheka, na dada yao anasahaulika hapo hapo.

Na wapita njia hawajaacha midomo. Juzi mmoja alishika gauni nililotundika akauliza, "Hili ni gauni au turubai?" Nikamjibu kwa maneno yako, "Turubai huwekwa penye sherehe, kaka. Wewe hukualikwa." Soko zima likacheka. Nikajisikia kama umekaa pale pembeni unamenya karanga.

Sasa sikia. Deo alipokuja kunieleza habari ya misa ya mwaka, alisema ndugu wameamua kushona sare ya kitenge, na wenye sare ndio watakaopeleka matoleo altareni. Aliongea akiangalia viatu vyake. Zile fulana bado zinamsumbua, maskini. Akasema, "Dada Vere, safari hii naomba sare uzisimamie wewe. Sitaki watu wa mama yangu wawekwe nyuma tena." Nilimkumbatia nikamwambia asijali. Alipoondoka, ndipo hofu ilipoanza. Kama ningekosea, Dada, wangekuwa nyuma kwa mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Mama mdogo wa Deo alipendekeza kitenge cheusi, eti kinapunguza mwili. Nikasema hapana. Nilisema, "Konsolata alikuwa anasema wanatuvika nyeusi kama kila siku tumefiwa." Akacheka akisema, "Ni yeye huyo, kabisa." Tukachagua njano.

Nikapeleka habari kwa wateja wako: leteni tepe zenu. Na wakaja nazo! Sikujua wamezitunza. Wewe ulimpima kila mmoja kwa utepe wa kitambaa, fundo moja la kifua, mawili ya kiuno, matatu ya nyonga, ukampa mwenyewe akae nao, kwa sababu hukutaka mtu atamkiwe namba zake sokoni. Mmoja aliufunga kwenye ufunguo wa nyumba. Mwingine aliuweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Mwalimu Jeniva aliutoa kifuani akasema, "Umekuwa ukinilinda." Wachache walikuwa wameongezeka, tukafungua mafundo tukayasogeza. Hakuna aliyeuliza kwa kiasi gani.

Nikazipeleka kwa Fundi Hamisi, yule wa kibarazani sokoni. Aliziinua moja moja kama anachagua samaki. "Vere, mimi nashona kwa futi. Hizi ni kamba. Hawa ni wateja au mbuzi wa mnadani?" Hakujua Mwalimu Jeniva amesimama nyuma yake. Akasikia tu, "Meee." Dada! Fundi aliruka mpaka kofia yake ikaangukia kwenye pasi. Tulicheka hadi machozi, na baada ya hapo hakubisha tena, isipokuwa mara moja, mkasi ukiwa tayari kwenye kitambaa. Aliuliza, "Fundo hili la nyonga, hujakosea?" Nikaona anataka kupunguza kipimo kwa huruma, ile huruma ya mafundi inayotuponza. Nikamwambia, "Halijakosea. Kata hapo hapo." Akakata.

Akashona zote vizuri, bila vile vipande vya kuongezea upana mbavuni ulivyokuwa unavichukia. Nilipokwenda kuzichukua akanihesabia, kisha akaniuliza, "Na yako? Utepe wako uko wapi?"

Nikajipapasa kiunoni kana kwamba ningeupata.

Sikuwa na utepe. Wewe hukunipa. Ulikuwa ukiniangalia tu ukiwa umekaa, unasema, "Wewe nakujua," na nguo inakuja inaenea. Wote uliwapa kipimo chao isipokuwa mimi, kwa sababu kipimo changu kilikuwa machoni pako. Na ulikwenda nacho. Fundi akanyoosha mkono kwenye futi yake, pale kibarazani, mbele ya wauza nyanya, na mimi nikajikuta nasema sina haja, nitavaa gauni langu la zamani, kazi yangu ni kusimamia tu. Nilisema kwa kutabasamu. Tabasamu lile la siku ya mapazia.

Nilirudi kibandani na mzigo, nikagawa sare. Mwalimu Jeniva akauliza yangu. Nikamweleza. Alichukua mabaki ya kitenge, akachana utepe mrefu kwa meno, akawaita wenzake. Wote wakaingia nyuma ya pazia, pazia lile lisilotosha watu wawili! Mmoja alishika ncha, mwingine akazungusha, wakagongana matako, mmoja akasema, "Leo muuza duka ndiye bidhaa." Walipofika kiunoni, nilivuta pumzi, nikabana tumbo.

Wakasema wote kwa pamoja, kama kwaya, "Usivute tumbo!"

Kumbe uliwaambia wote. Nilidhani ni langu peke yangu lile neno. Nililia pale, Dada, na nililegeza tumbo, na Mwalimu Jeniva akafunga mafundo mawili. Fundi Hamisi akashona la kwangu siku ile ile, cherehani ikilia mpaka jirani zake wamefunga.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulikodi gari tukaondoka alfajiri, vilima vya Ngara vikiwa bado vimejifunika ukungu. Mama yako alitupokea uani. Tulipomwamkia shikamoo hakuitikia kwanza. Alishika gauni la Mwalimu Jeniva, akalivuta mbavuni akitafuta kiungo cha kitambaa, hakukiona. Akasema, "Marahaba wanangu. Hii ni kazi ya Konsorata." Yeye bado anakuita hivyo. Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Kwa nini nibishe? Ilikuwa kazi yako.

Wakati wa matoleo ulipofika tulisimama. Mimi nilibeba mkungu wa ndizi, Mwalimu Jeniva kikapu cha maharage. Njia ya katikati ya kanisa lenu ni nyembamba, nasi si wembamba, basi tulipita mmoja mmoja tukicheza taratibu, maua ya bluu yakiyumba, na watu wakatupisha. Nilisikia mwanamke mmoja kwenye benchi akimwuliza mwenzake, "Hawa wameshonewa wapi?" Wameshonewa wapi! Ungesikia wewe! Deo alikuwa mbele kabisa, na alipogeuka akatuona, alifumba macho kidogo, halafu akacheka kama wewe, kwa mabega.

Kwenye picha, mpiga picha alisema, "Wakubwa nyuma, wadogo mbele." Tukaanza kusogea nyuma kwa mazoea. Mama yako akagonga fimbo chini. "Waje hapa, nishikwe na watu wenye nguvu." Kwa hiyo kwenye picha ya misa yako, Dada, sisi ndio tuko mbele, na mama yako katikati yetu ni kama kifaranga.

Ukiniuliza kama bado nasikitika, ndiyo. Kuna saa najikuta nikigeuka kukuonyesha kitu, na kiti kiko kitupu. Mama mmoja mpya alikuja wiki iliyopita, na nilipoinua mikono kumpima akavuta tumbo. Nikampiga kofi dogo la mgongo. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nakuahidi kibanda hakitafungwa, na pazia litabaki, ila nitaliongezea upana. Hakuna atakayetamkiwa namba mbele ya watu nikiwa hai. Na nyeusi nitauza kwa anayeitaka mwenyewe tu.

Mteja wa kwanza amefika, anaangalia nyuma kama kawaida yao. Acha nimkaribishe. Lala salama, Dada yangu mwenye mabega mazuri kuliko yangu.

Jambo moja la mwisho. Jana watu walipokwenda kula, nilirudi kaburini peke yangu. Safari hii nilisimama karibu, niliona kila kitu. Nikautoa ule utepe wangu wa njano nikaufunga kwenye msalaba wako, na mafundo yake yote. Sasa una kipimo changu tena. Unikumbuke, Dada. Unikumbuke na tumbo langu la kweli.

Wako,
Verediana