Kipande cha Godoro Kwenye Sanduku la Sifongo

Shangazi Eufrasia mpenzi,

Salamu kwanza kwako na kwa wasomaji wa safu yako, kisha nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana jambo lenyewe likisemwa haraka linachekesha, na mimi wiki ya tatu sasa sina raha.

Mimi ni fundi wa vioo hapa Musoma mjini, mama yangu ni mtu wa Bukima huku huku ziwani, mke wangu Mwanaupe ni wa Tanga, binti wa mzamiaji, na siku namwoa mzee yule alimpa mwanawe sifongo hai ndani ya ndoo ya maji ya bahari, yaani mnyama asiye na macho wala miguu, ameng'ang'ania jiwe, rangi ya chungwa, matundu mwili mzima, akamwambia, "Maadamu huyu yu hai, kwenu si mbali," na Mwanaupe akajibu mbele yangu kwamba siku mnyama akifa yeye atarudi Tanga kuchukua mwingine, nami neno hilo la kurudi limenikaa moyoni miaka sita. Basi nikamtengenezea sanduku la vioo kwa mabaki ya madirisha, kaka yake Omari, dereva wa lori, akawa anatuletea maji ya bahari kwa madumu, na mwaka uleule mafuta yalipoadimika lori likalala, Mwanaupe akawa anachanganya maji ya mvua na chumvi ya mawe, anaonja kwa ulimi mpaka aseme, "Haya, hii ndiyo bahari ya kwetu," na chumvi yenyewe unajua ilivyokuwa, foleni nusu siku unaambulia kikombe, kwa hiyo sifongo akapata chumvi sisi tukala mboga chapwa, wala sikulalamika, maana nampenda mke wangu na kusema kweli nilimpenda na mnyama wake, mimi ndiye niliyekuwa nampigia hewa majini kwa pampu ya baiskeli kila asubuhi, huku mwenzangu akimdondoshea maji ya dagaa aliyoyachuja kwa kitambaa.

Mwezi uliopita Mwanaupe alikwenda Bunda kwa mdogo wake Fatu aliyejifungua, akaniachia neno moja tu, "Usimtoe majini hata kidogo, hewa ikimwingia kwenye yale matundu haitoki, atakufa." Siku tatu nikavumilia, ya nne nikaona utando wa kijani kwenye vioo, na mimi siwezi kupita penye kioo kichafu, nikamtoa na jiwe lake nikamweka mezani nifute upesi, mama akiwa amekaa pale akasema, "Acha woga, samaki kamongo anakaaga nje ya maji siku nzima na bado anakung'ata, huyu nusu saa itamfanya nini?" nikaona kweli, sisi watu wa ziwani ndivyo tulivyozoea. Nikamrudisha, lakini baada ya siku mbili akapauka, maji yakanuka, nikajua nimeua. Nilimzika nyuma ya nyumba chini ya mpapai, na nililia, Shangazi. Kisha nikakata kipande cha godoro, nikakipaka rangi ya mlango iliyobaki, nikakifunga kwenye lile jiwe.

Mwanaupe aliporudi alichungulia, akasema, "Ametulia," basi. Tangu siku hiyo yeye anadondosha maji ya dagaa, mimi napiga pampu, tunalea godoro. Juzi akaniambia, "Siku hizi hana maradhi, wala hachagui maji," nikatamani ardhi ipasuke. Na kinachonichoma zaidi ni wema wake, maana tangu arudi ananipikia samaki sato amekolea chumvi sawasawa, chakula ambacho sijakila miaka sita, nami nakula nimeinama kama mwizi. Niseme, aende Tanga asirudi? Au nimwandikie Omari kwa siri alete mwingine wa kufanana naye?

Ni mimi, Muuaji wa Sifongo, Musoma.

*

Muuaji wa Sifongo,

Nimekucheka, unisamehe. Kwenye godoro nimecheka, kwenye mpapai sikucheka.

Uliachiwa neno moja, tena na sababu yake, ukamwacha mkeo ukamfuata kamongo. Kamongo ana mapafu, bwana. Sifongo anaishi kwa kuvuta maji kwenye matundu yake, na wewe uliyajaza hewa. Mama yako usimguse, si yeye aliyekabidhiwa.

Sasa nijibu. Miaka sita mmekula chapwa kwa sababu chumvi ilikuwa ya sifongo. Vitenge na sabuni vimeanza kuonekana madukani, lakini chumvi huko kwenu najua bado ni ya kubahatisha. Wiki tatu hizi sato amekolea. Chumvi hiyo imetoka wapi? Umeandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuona. Mwanamke aliyeonja maji yale kwa ulimi wake miaka yote hiyo hawezi kudanganywa na godoro lenye rangi ya mlango. Alijua siku ile ile alipochungulia. Aliposema hana maradhi, alikuwa anakubishia hodi, nawe ukakaa kimya ndani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye sahani.

Kwa hiyo leo, mkikaa kula, mwambie. Usianze na mama wala kamongo, anza na "nilimtoa". Godoro usilitoe wewe, mwachie yeye, acheke au alie apendavyo, kisha mpeleke chini ya mpapai umwonyeshe. Barua ya siri kwa Omari ichane.

Unaogopa aende kwao. Barua yako ndefu yote hii haina mahali unaposema umewahi kumpeleka, na kosa hilo nalihesabu kubwa kuliko la sifongo. Chukueni ndoo, nenda naye Tanga, na mkweo umweleze kwa mdomo wako. Atakufokea, vumilia. Akiwapa mwingine, kioo kifute kwa ndani, mkono ukiwa majini, kitambaa bila sabuni, na mnyama akae palepale alipo.

Ukikuta chakula cha leo nacho kimekolea, ujue ulishasamehewa. Hata hivyo, sema.