Sale la Penseli

Mwika, 9 Machi 2025

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tanga? Kile kikohozi kimekuachia? Huku tupo, mvua zimeanza, ila moyo wangu unadunda vilevile tangu shangazi yako Bernadetha alipong'oa masale tuliyoyapanda kuwa mpaka wa mashamba yetu. Anasema mimi ndiye niliyeyasogeza. Mimi! Tumekula chungu kimoja miaka yote, leo tunapishana kwenye jumuiya kama hatujuani.

Penseli na karatasi nimepata. Ulisema kila asubuhi nichore kitu kilekile, polepole, nitatulia. Nilicheka, na darasa la saba langu hili. Basi nachora sale lililo hapa mlangoni. La kwanza lilitoka kama kitunguu. Sasa linafanana fanana, na kweli natulia. Ila sielewi, mwanangu. Naanza na Salamu Maria, nikifika katikati ya jani maneno yameniponyoka, nimebaki na penseli tu. Hiyo bado ni sala, au ni uvivu? Padri naona aibu kumuuliza.

Mama yako

Tanga, 18 Machi 2025

Shikamoo mama,

Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Wewe unalala sasa?

Mungu si karani wa kuhesabu maneno, mama. Chora tu. Ila usiirundike michoro ukaanza kupima upi mzuri upi mbaya. Ukimaliza iachie, hata ukafungie maharage.

Shangazi mpe salamu zangu, ukiweza.

Mwanao Zita

Mwika, 7 Aprili 2025

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za afya na kazi? Mimi mwili mzima, kichwa ndicho kimevurugika. Usicheke.

Nilifanya ulivyosema. Mbegu za maharage za jumuiya nilizifungia kwenye michoro yangu, mzee Filemon akazigawa. Kumbe fungu moja limeenda kwa shangazi yako.

Jumamosi namwona anakuja, mkungu wa ndizi mchare kichwani, karatasi yangu mkononi. "Wifi," akasema, "umeniletea sale, tena Kwaresima. Ningekataaje?" Unajua mwenyewe mila yetu, ukiletewa sale huna pa kukimbilia, unasamehe. Akakaa, akalia, akanisamehe.

Amenisamehe mimi, Zita. Mimi niliyeng'olewa mpaka. Nikafungua mdomo nimwambie hiyo ni karatasi ya maharage tu. Akaniwahi: "Hata fundo umelichora vizuri."

Fundo gani? Nikatazama. Lipo. Jani limefungwa fundo, kama tunavyolifunga tukienda kuomba radhi. La hapa mlangoni halina fundo, na mimi sikumbuki kulichora. Tukamenya mchare, tukapika, tukala.

Sasa sijui. Pasaka hiyo inakuja, nataka kuungama, niungame nini? Kwamba nimemdanganya, au kwamba mkono wangu uliomba radhi mwenyewe bila kuniuliza? Na masale ameanza kuyapanda tena. Sijaenda kutazama ameyapanda wapi.

Leo asubuhi nilishika penseli nikaogopa kuanza. Shangazi yako akaingia, akanitazama, akasema, "Hebu nipe na mimi karatasi." Tukachora mpaka chai ikapoa. La kwake limetoka kama kitunguu.

Nimwambie ukweli au ninyamaze? Nijibu mapema, kabla ya Pasaka. Na utume penseli ya pili.

Mama yako