Nilimchongea Mwalimu Mwenzangu kwa Sababu ya Filamu Zake

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na kama inawezekana unijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa saa nne asubuhi bodi ya shule yetu inakaa kikao na mimi ndiye niliyekisababisha ingawa pale shuleni hakuna anayejua.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya kutwa upande huu wa Magwagwa, na kwa miaka ishirini na miwili mtu akitaka mtoto wake aelewe nyakati za vitenzi alikuwa akiambiwa mpeleke kwa Madam Drusilla. Nina chati niliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya manila, nyakati zote kumi na mbili ndani ya visanduku, na wanafunzi wangu huikariri mpaka wanaisema wakiwa wamefumba macho, japo nikiwapa insha wanachanganya ya jana na ya leo vilevile, lakini hilo siku zote nililiita uvivu wao.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tuliletewa mwalimu wa mkataba wa mwaka mmoja, msichana wa miaka ishirini na mitano anayeitwa Kwamboka, kwao ni Nyansiongo, akapewa kidato cha pili Magharibi nami nikabaki na Mashariki, na madarasa yetu yametenganishwa na ukuta wa mbao tu. Alikuja na projekta yake mwenyewe na spika ndogo, akatundika shuka nyeupe ubaoni, akaanza kufundisha nyakati kwa vipande vya filamu. Kipande chenyewe hakifiki dakika mbili. Mzee anapanda ngazi akipiga mluzi, Kwamboka anasimamisha picha anauliza mzee anafanya nini, darasa zima linapaza sauti "He is whistling!", anauliza atafanya nini sasa, "He is going to open the door!", anaiachilia, mzee anafungua mlango anakuta kabati ziko wazi na vitu havipo, anasimamisha tena, anauliza kabla hajarudi kulikuwa kumetokea nini, "What had happened before he came home?", na watoto hamsini wanajibu kwa pamoja kwamba wezi walikuwa wameshavunja, "Thieves had broken in!" Wanafunzi wangu wa upande huu walikuwa wakiacha kuniangalia mimi wanauangalia ukuta, na wakati mwingine wanacheka kitu ambacho hawakukiona.

Mshauri, hayo ningeyavumilia, lakini binti yangu Kemuma yumo katika hilo darasa la Magharibi. Mtoto huyu nimemfundisha nyumbani tangu darasa la sita, nimemkalisha mezani na ile chati mpaka akalia, na muhula uliopita alipata thelathini na nane. Siku moja tunamenya ndizi jikoni akaniambia, "Mama, ona. Baba alitoka, ndipo wewe ukaingia. When you came in, Baba had gone out. Kilichotangulia ndicho kinachukua had. Si ni rahisi?" Mume wangu Momanyi, ambaye kumbe alikuwa amesharudi na amesimama mlangoni, akacheka akasema huyo Madam Kwamboka anafaa aongezwe mshahara. Nikasema ndizi zinakuwa nyeusi tuharakishe.

Mtihani wa katikati ya muhula Kemuma alileta sabini na moja, akaniwekea karatasi mapajani akiwa anatabasamu, na mimi mama yake nikamuuliza, "Umenakili kwa nani?" Aliichukua karatasi yake akaikunja, na tangu siku hiyo hajaniletea tena kazi ya Kiingereza niikague.

Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba msichana mwenyewe hajawahi kunikosea adabu. Mara tatu amenifuata kwenye ofisi ya walimu, "Madam, njoo siku moja uketi nyuma uone, nataka unikosoe," na mara zote tatu nikamwambia nina vitabu vya kusahihisha.

Basi mwezi uliopita nilikwenda Nyamira mjini nikaingia kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, ambako hawanijui, nikachapa barua kwa Kiingereza, nikaitia sahihi ya "Mzazi Mwenye Uchungu", nikaandika kwamba mwalimu huyo anawaonyesha wasichana wetu filamu za wanaume na wanawake kitandani na kwamba hufunga madirisha ili asionekane. Anafunga madirisha kwa sababu ya mwanga, mshauri, picha haionekani juani, nami nalijua hilo. Barua nikaituma kwa Mzee Ombati, mwenyekiti wa bodi, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu la Sabato.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Thadeus, alitusomea barua hiyo ofisini, alipomaliza akatikisa kichwa akasema, "Huyu mzazi, awe nani awe nani, Kiingereza chake ni safi sana," na naona aibu kukuambia kwamba nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze mtu kukisifu Kiingereza changu. Kisha nikamwona Kwamboka akijifuta machozi kwa ncha ya sweta.

Projekta imefungiwa kwa mwalimu mkuu na Kwamboka amesimamishwa kuingia darasani mpaka kikao. Mama aliyempangisha chumba hapo sokoni amemuuliza kama ni kweli kwa sababu naye ana mabinti. Sabato iliyopita tumeombea vijana wetu waepushwe na filamu chafu, nami nikaitikia amina. Na juzi Kemuma ameniambia, "Mama, wewe ndiye mkubwa wa idara ya Kiingereza, bodi itakusikiliza. Si utaenda kumtetea?" Nikamwambia nitaenda.

Niliyemwambia ukweli ni mmoja tu, rafiki yangu Esnah, naye anasema nisimame mbele ya bodi nimtetee kwa nguvu zangu zote, jambo liishe, na hakuna atakayejua milele. Nataka sana iwe hivyo. Lakini kila nikikaa kupanga maneno ya kumtetea nakwama kwenye sentensi ya kwanza. Je, nikimtetea haitoshi?

Drusilla, Nyamira
(ukiichapisha nibadilishie jina)

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, barua yako ilinifikia Jumanne na ukurasa huu hutoka Jumapili. Nilipoona hivyo nikachukua simu nikakupigia. Hapa narudia niliyokuambia, na yaliyofuata, kwa ruhusa yako. Jina nalo umeniambia mwenyewe niliache kama lilivyo, sababu itaonekana.

Kumwonea mtu wivu si kosa la kuitiwa kikao. Umefanya kazi moja miaka ishirini na miwili, amekuja mtoto na shuka nyeupe akaifanya vizuri kuliko wewe, na ushahidi uko jikoni kwako unamenya ndizi. Nani asingeumia? Hapo nakuhurumia kabisa. Lakini wewe ulifunga safari mpaka Nyamira, ukaketi, ukachapa, na kwa ninavyokujua sasa naamini uliisoma tena ukaisahihisha. Ulikuwa na nafasi nyingi sana za kurudi nyumbani.

Esnah anakupenda, ila ushauri wake ni mbovu. Ukisimama kumtetea huku umejificha, bodi itakuona mtu mwema na Kwamboka atakushika mikono akushukuru. Shukrani hizo ungezipokea kwa uso gani? Tena zisingemsaidia. Bodi ikisema haikupata ushahidi, watu wa soko watasema alikuwa na bahati hakushikwa, na maneno hayo yatamfuata mpaka shule nyingine. Kilichoweza kumsafisha ni mtu mmoja kutamka, "Niliandika mimi, na ni uongo."

Uliniambia, "Nitapoteza kazi." Nikakuuliza, "Na yeye je?" Ukaniuliza uanzie wapi.

Nikakuagiza mambo mawili: umwambie Kemuma kwanza, kwa kinywa chako, asije akayasikia kwa wenzake, kisha mwalimu mkuu, siku hiyohiyo, usingoje Ijumaa ukapoteza ujasiri.

Ijumaa jioni ulinipigia. Kemuma alikuuliza, "Ni kwa sababu yangu?" ukamwambia hapana, ni kwa sababu yako wewe mama yake, na hapo nakupongeza, maana mzazi mwingine angetafuta pa kumtupia mtoto sehemu ya mzigo. Ukamwomba radhi kwa lile neno la kunakili. Alikusikiliza mpaka mwisho, akaenda kwa shangazi yake, na mpaka unanipigia alikuwa hajarudi. Bwana Thadeus alikuambia urudie kila kitu mbele ya bodi. Ulikirudia. Mzee Ombati alikutaka useme kwa sauti wanaoketi nyuma wasikie, ukasema kwa sauti. Umevuliwa ukuu wa idara na barua imekwenda kwa mwajiri wako. Kwamboka, uliniambia huku unalia, hakukutukana. Alisema tu, "Madam, nilikuita mara tatu uje uone." Akapewa projekta yake, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa darasani.

Sasa unaniuliza ufanye nini tena, ilhali umeshakiri kila kitu na bado moyo haujatulia. Mwalimu, ulikiri mbele ya watu kumi na mmoja. Uongo wako umewafikia wangapi?

Sabato ijayo omba nafasi kanisani. Mzee Ombati amejitolea kukutangazia. Mwambie asante, utasema mwenyewe. Sentensi tatu zinatosha: niliandika mimi, nilisingizia, filamu zile hazina ubaya wowote. Usieleze uliumia vipi. Hiyo si habari yao. Jumapili nenda sokoni kwa yule mama aliyempangisha chumba, umwambie hayohayo akiwa na mabinti zake. Usitume mtu. Usipeleke zawadi. Na kwa sababu jina lako liko hapa leo, wote wanaokufahamu watakuwa wameshasoma, kwa hiyo usihangaike kutafuta namna nzuri ya kuanza.

Kemuma usimfuate kwa shangazi yake ukimsihi. Mpelekee nguo zake za shule, umsalimie, urudi. Momanyi amwambie mlango uko wazi. Atakuja akiwa tayari, na akija usimuulize chochote kuhusu Kiingereza.

Mwajiri wako akikupa adhabu, itumikie. Usitafute mtu wa kuizungumza ipungue.

Umeniomba pia nikusaidie kuandika barua ya kumwomba Kwamboka msamaha. Sitakusaidia, na wewe usiiandike. Msichana huyo barua zako zimemtosha. Ulishamwomba radhi mbele ya bodi, alikusikia. Akikusamehe atakuambia mwenyewe, pengine mwaka huu, pengine akiwa ameshahamia shule nyingine, pengine asikuambie kamwe. Wewe mkikutana asubuhi mwamkue kwa heshima, umpishe apite, uende ukafundishe.