Mama amesindikiza wageni mpaka Goma

Goma, tarehe 14 août 1956

Mpendwa dada yangu Eugénie,

Salamu nyingi huko Jadotville, wewe, shemeji Munyaneza na watoto. Mungali wazima? Kile kikohozi cha Paul kimekwisha? Sisi huku tuko wazima, ila vumbi la kiangazi linatusumbua.

Dada, keti kwanza. Mama yuko hapa kwangu!

Unajua tangu tumuzike Papa, Mama alikataa kabisa kutoka kule Masisi. Macho yake yalizidi kufunikwa na ukungu, tukamuomba aje hospitali, lakini aliogopa kufia kwa watu, mbali na kaburi la mume wake. Mimi nilikuwa nimekata tamaa.

Basi, bwana na madamu ninaowapikia wakataka kutembea milimani kwa mutuka wao mupya. Ajabu, Eugénie! Ndani muna kitanda, meza, hata jiko. Ni nyumba kamili juu ya magurudumu. Kule Sake soko zima liliacha maharagwe likatuzunguka. Muzee mumoja akanivuta pembeni, akauliza kwa huruma kama hawa wazungu wamefukuzwa kwao hata wakabeba nyumba. Nilicheka mpaka machozi.

Kwenye milima ya Masisi mutuka ukachemka mara kwa mara, nami kazi yangu ikawa kuunywesha maji. Ndiyo maana jioni tulilala kwa Mama. Aliwapa wageni maziwa, wakanywa yote, madamu akaomba tena. Mimi, mutoto wake, alinijua kwa sauti tu. Uso wangu aliupapasa. Iliniuma, dada, iliniuma sana.

Asubuhi alitaka kuwasindikiza mpaka kijito, kama tunavyofanya siku zote. Lakini utasindikiza namna gani kwa miguu watu wanaoondoka na nyumba yao? Madamu akamushika mukono, Mama akapanda. Njia nzima alipapasa kitanda, jiko, dirisha, akiuliza hiki nini, hiki nini. Tulipofika kijitoni nikamuambia, "Mama, hapa ndipo tunaachana, shuka." Akakamata kitanda kwa nguvu. Halafu akasema, "Damien, hata kijito sikioni. Twende."

Munganga wa hospitali amemutazama. Anasema macho yanaweza kupona, ila tusikawie kuyapasua.

Sasa shida ni Mama mwenyewe. Anasema leo yeye ndiye mugeni, na mugeni harudi peke yake: wewe ndiwe utakayemusindikiza mpaka nyumbani. Kabla hajasikia sauti yako hapa mulangoni, hakubali kisu. Nilimuambia safari ni ndefu, una watoto wadogo. Hasikii, si unamujua! Muombe shemeji, tafadhali sana. Mimi peke yangu simuwezi.

Musalimie shemeji, na umubusu Paul na Wivine kwa niaba yangu. Mungu awalinde mukiwa nyumbani, akulinde nawe ukiwa njiani. Mama hakutumii salamu. Anasema utakuja kuzichukua mwenyewe.

Ni mimi kaka yako, anayekupenda na kukungoja,
Damien