Masharubu ya Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua saluni. Leo siku ya tisa tangu tumzike Baba. Mama alisema ningoje kidogo. Ningoje nini? Nywele za watu zinaota, pawe na msiba pasiwe na msiba.

Wateja wamekuja wengi kuliko kawaida. Wanaingia wameinamisha vichwa, wananishika mkono, pole sana, mzee amepumzika. Amepumzika! Mtu aliyekuwa akipiga soga tangu anafungua mlango mpaka anafunga, lini alimwambia mtu kwamba amechoka? Mwenye wembe mkononi ni bora anyamaze.

Kiti cha Baba cha dirishani hakuna aliyekikalia mpaka saa tano. Halafu akaingia bwana mmoja, simu sikioni, akajitupa humo humo na kuanza kukizungusha. Nilimnyoa. Tena nilimnyoa vizuri. Lakini mafuta sikumpaka, na pole zake sikuzijibu.

Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Wamemnyoa Baba masharubu.

Miaka arobaini na zaidi! Mimi sijawahi kuuona mdomo wa juu wa baba yangu. Mama mwenyewe alimkuta nayo. Jeneza lilipofunguliwa, Shangazi alirudi nyuma hatua moja akasema kwa sauti, "Huyu si kaka yangu." Watu wakatazamana. Kwenye meza ipo picha yake, masharubu meupe, mazito, yamekatwa sawasawa. Ndani ya jeneza kuna mzee mwingine, mdomo mtupu, na mkwaruzo puani. Nyuma yangu mtu akanong'ona kama kweli tumepewa maiti yetu.

Kinyozi wa mtaa mzima, anazikwa amenyolewa ovyo!

Ni yule mhudumu wa mochwari. Nani mwingine? Mimi asubuhi ile nilikuwa nahangaikia jeneza. Nitamtafuta.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkata mteja sikioni. Kidogo tu, tone moja. Sijamkata mtu tangu nilipokuwa najifunza. Akasema haidhuru, una msiba.

Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja Mzee Kipara. Hana unywele hata mmoja, lakini kila Alhamisi yuko hapa. Baba alikuwa akimfunga taulo, anampitishia brashi kavu kichwani, wanagombana kuhusu mpira nusu saa, kisha anamfungua taulo na kumwambia amependeza. Miaka yote hiyo. Na mimi nilikuwa nawacheka wote wawili.

Nikamfunga taulo. Nikapitisha brashi. Mpira siujui, kwa hiyo tulikaa kimya kama watu wa benki.

Akaanza kunikumbusha ya mdogo wake, alivyofariki na Baba akaenda asubuhi na mapema na ule mkoba wake mweusi wa nyembe. Kana kwamba mimi sijui. Hiyo ndiyo desturi ya saluni hii: mteja wetu akifa, tunamnyoa mara ya mwisho, nyumbani au hospitali, bila kuombwa. Nilimsindikiza Baba mara mbili. Alikuwa akizungumza na maiti muda wote. Geuza shavu kidogo, mzee. Hapo hapo. Umekaa vizuri. Nikaona haya kwa niaba yake, mara ya kwanza. Mara ya pili nikazoea.

Mzee Kipara akasema, "Kinyozi hajinyoi. Yeye nani alimnyoa?"

Nikamwambia, mtu wa mochwari. Akanitazama kwenye kioo.

"Nilidhani ni wewe," akasema. Akajifungua taulo mwenyewe.

Ana kazi gani ya kudhani, yule? Kichwa chenyewe hakina kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda. Nimefunga saluni saa sita, nikaenda hospitali kwa miguu ili hasira zisipoe.

Mhudumu nilimkuta nje kwenye benchi, anakula mkate. Nikammwagia yote. Nikamwambia kuna watu wanapewa kazi wasiyoistahili, kwamba hata mbuzi hanyolewi hivyo, kwamba kama hajui kunyoa aulize. Alitafuna mpaka akamaliza. Akafuta mikono, akaniuliza jina la marehemu, akaingia ndani, akatoka na daftari kubwa.

Akaniwekea kidole kwenye mstari. Jumamosi, saa mbili asubuhi. *Amenyolewa na mwanawe.*

Alisema huyo mwana alikaa ndani saa nzima na nusu. Alitoka macho mekundu, hakuaga. Yeye alidhani ndiye kinyozi mwenyewe, kwa jinsi alivyokawia.

Baba ana watoto wa kiume wawili. Mimi na Kaka.

Kaka! Mpima ardhi! Mtu ambaye tangu utotoni akiona wembe anatoka nje. Mtu anayepima viwanja vya watu kwa sentimita, anashindwa kusawazisha masharubu ya baba yake! Na siku ya mazishi alisimama pale, kimya, Shangazi anapiga kelele, watu wananong'ona, mimi nalaani mochwari nzima mbele yake. Akaniacha nijiaibishe mpaka leo.

Sikumwomba radhi yule mhudumu. Niliondoka tu. Hilo nalo litanikera.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Mama kumshtaki Kaka. Nilimkuta anakunja mashati ya Baba. Nikasimama mlangoni nikasema yote, tangu daftari mpaka sentimita. Hakuinua macho. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

Alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu siku ile!

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akaniuliza ningependa aniambie lipi.

"Kwani aliyeombwa kwanza ni nani, mwanangu?"

Basi. Hilo tu. Akaendelea na mashati, na mimi nikaondoka bila kunywa hata maji.

Haya, niandike. Hakuna anayesoma.

Kaka alinipigia mara tatu asubuhi ile. Ya kwanza akasema, njoo, nguo ziko tayari, umebaki wewe. Ya pili akasema wanataka kumtoa. Ya tatu nikamwambia, siwezi, tafuta mtu. Nikakata simu. Jeneza lilikuwa limeshalipiwa tangu jana yake. Sikuwa na la kuhangaikia. Nilikuwa nimekaa kwenye stoo ya seremala, juu ya mbao, nimeshika mkoba mweusi magotini.

Nilikuwa nao! Wembe ulikuwa umenolewa.

Na kwa nini sikuweza, pia niandike. Jumatano ile wodini Baba alijipapasa kidevu akaniambia, "Nimekuwa kama mwizi. Ninyoe." Hakutaka wauguzi wamguse. Nikamwambia sina vifaa, na saluni imejaa, nitakuja Jumamosi nimtengeneze vizuri. Akasema sawa. Hakulalamika. Mtu mlalamishi kama yule, siku hiyo akasema sawa.

Ijumaa alfajiri akafa. Jumamosi tukamzika.

Nina hasira naye pia. Angelalamika! Angesema, mwanangu, leo. Neno moja tu ningekwenda mbio. Mtu anakaa na maneno elfu kwa siku, lile moja la maana anaenda nalo.

Jumatatu, 10 Machi

Kaka amepiga simu mara nne. Sikupokea. Mama atakuwa amemwambia.

Wateja kumi na mmoja. Sikumkata yeyote.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee Kipara hakuja.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa chumba cha nyuma cha saluni. Kaka yuko mbele, kitini.

Nilikuja kunoa nyembe na kufagia, mlango nimefunga. Akagonga. Nilimwona kupitia kioo, nikaendelea kufagia. Hakuondoka. Alisimama juani mpaka mimi nikaona aibu.

Akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha dirishani, akakaa. Hakusalimia, sikusalimia. Ndevu zake! Hajanyoa tangu siku ile, wiki tatu. Ofisini wanamvumiliaje? Hana masharubu ya maana hata yeye, yameota mabaka mabaka.

Mikono yangu ilimfunga taulo kabla sijaamua. Nikachemsha maji, nikakoroga povu, nikampaka. Hapo ndipo nikaanza. Nilimwambia kila kitu. Kwamba amemdhalilisha Baba mbele ya watu. Kwamba tangu lini anajua kushika wembe. Kwamba angeniita mara ya nne. Alifumba macho akangoja niishiwe.

Nilipoishiwa akasema alinunua wembe wa dukani, ule wa kutupa, pale mlango wa hospitali. Alianza na mashavu, yakatoka vizuri, akajipa moyo. Akataka kusafisha ukingo tu wa masharubu, maana Baba asingekubali yavuke mdomo. Akakata kushoto zaidi. Akasawazisha kulia. Kulia kukazidi. Akarudi kushoto.

"Nikaona yamebaki kama nyusi," akasema. "Nimpeleke na nyusi mdomoni? Nikayamaliza."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka, povu likamwingia mdomoni. Halafu nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimecheka, na nikakasirika zaidi kwa sababu kicheko chake ni cha Baba, na sikuwahi kuligundua hilo miaka yote.

Akaniambia alikuwa akizungumza naye muda wote. Hakujua aseme nini, kwa hiyo alimwomba msamaha kila alipopitisha wembe. Mimi sikumwambia kwamba Baba naye alikuwa akizungumza na maiti.

Nikaanza kumnyoa. Shavu la kulia lote, chini ya taya, shingo. Ngozi yake laini, wembe ulipita bila shida. Nikamwambia geuza. Hakugeuza. Alifumbua macho akanitazama kwenye kioo.

"Nikifa mimi," akasema, "utakuja?"

Nikamwambia anyamaze, nitamkata.

"Nimeuliza."

Nikaweka wembe mezani. Nikasema maji yamepoa, naenda kuchemsha mengine. Nikaja huku.

Maji yamechemka zamani. Yamechemka, nimezima, yanapoa tena. Pale mbele ameketi na upande mmoja mweupe, upande mmoja mtupu, hajifuti. Nilidhani atasimama aondoke. Ningekuwa mimi ningeondoka.

Sasa ananiita. "Dogo," basi, taratibu, kama anavyoita tangu tukiwa wadogo. Angeniita kwa hasira ningejua la kumjibu.